Ndoo ya Bati na Unga wa Mia Tatu Kumi na Saba

Mjukuu wangu wa kwanza alikuwa unga mweupe, kiasi cha vijiko viwili vya chai, ndani ya kichupa chenye kifuniko cheusi. Jina lake Mia Tatu Kumi na Saba. Ndugu walipokuwa wakiniuliza binti yetu atazaa lini na umri unakwenda, niliwajibu, "Ameshazaa. Mtoto yumo kwenye friji." Ukisema hivyo watu hawaulizi la pili.

Binti mwenyewe ni wa marehemu mdogo wangu. Nimemlea tangu ana miaka tisa, na mimi ndiye Mama Mkubwa wake. Hiyo ni nyumbani. Kazini yeye ni Daktari, mkemia wa kutafuta dawa mpya, na mimi ni Mama Chupa, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nikiosha vyombo vya kioo vya maabara nzima. Yeye alisoma mpaka vitabu vikaomba likizo. Mimi niliishia darasa la saba, lakini pale hapakuwa na profesa aliyechemsha kitu kwenye chupa ambayo mkono wangu haukuifikia tumboni.

Kazi yake aliwahi kunieleza hivi. Mdudu wa homa ana mashine ndogo mwilini ya kusagia chakula. Ukipata kitu cha kuikwamisha mashine hiyo, mdudu anakufa njaa. Basi yeye anavitengeneza hivyo vitu kimoja kimoja, anang'oa kipande hapa, anabandika kingine pale, kisha anapima kama mashine imekwama. Miaka kumi na moja. Vitu mia tatu kumi na sita mashine ilivicheka. Kile kilichofuata kikaikwamisha kabisa.

Siku ile alinifuata chumba cha kuoshea akanikumbatia huku glavu zangu zinachuruzika maji. "Mama Mkubwa, imekubali!" Akasahau kwamba tuko kazini. Makala ikaandikwa. Mkuu wa maabara akapigwa picha ameshika kichupa ambacho hakukijaza wala hakukiosha. Wageni wa kampuni ya dawa wakasema watakuja Alhamisi ya mwisho wa mwezi kuamua kama unga ule uanze kujaribiwa kwa panya, na baadaye kwa watu.

Tatizo likaanza pale alipotengeneza unga mwingine wa kuwapa wageni. Ni uleule, hatua zilezile. Mashine ya mdudu ikaendelea kusaga kama haijaona kitu. Akatengeneza tena. Ikasaga. Akarudi kuupima ule wa zamani, mashine ikakwama palepale.

Akakonda. Chai ilikuwa inapoa mbele yake huku anahesabu kwa vidole.

"Maji ni yaleyale. Chumvi ni zilezile. Mizani nimeikagua. Mama Mkubwa, ulibadilisha sabuni?"

"Sijabadilisha sabuni tangu mke wa Mkuu alipokuwa mwembamba."

Hakucheka. Na mimi nilikuwa nimesema kweli, ila kweli yenye kilema. Sabuni sikubadilisha. Nilibadilisha beseni.

Ngoja niseme lilivyovunjika, maana aibu ni yangu. Vyombo nikishaviosha huwa navilowesha kwenye asidi nyepesi ndani ya beseni kubwa la plastiki, ndipo navisuuza. Siku moja magoti yaliniuma, nikaligeuza lile beseni nikalikalia. Mungu alinijalia makalio ya ukoo wetu. Likapasuka katikati. Mtu wa stoo ana mdomo, angetangaza jengo zima kwamba Mama Chupa kapasua mali ya serikali kwa kikalio. Nikalificha, nikaja na ndoo yangu ya bati kutoka nyumbani. Wiki sita nilitumia ndoo hiyo. Asidi ilikuwa ikifoka vipovu ndani ya bati, nikajisifu kwamba leo uchafu unakiona cha moto. Baadaye kikaletwa chombo kipya cha plastiki, nikairudisha ndoo nyumbani, nikasahau.

Wala nisingekumbuka kama si Jumanne ile. Nilikuwa nafuta maji nje ya ofisi ya Mkuu, na mlango ulikuwa wazi kidogo.

"Alhamisi onyesha vipimo vya unga wa zamani tu," Mkuu alisema. "Huu mpya tutaurekebisha polepole."

"Mkuu, kuna kitu kwenye ule wa zamani nisichokijua. Tutampa nani dawa tusiyoijua?"

"Panya, kwanza. Binti, nafasi hii hairudi. Wakiondoka, chumba chako wanapewa wengine."

Binti yangu akanyamaza. Ule ukimya ndio ulionitisha, maana namjua. Alikuwa anakaribia kukubali. Nikasimama na tambara mkononi, nikajiuliza wiki zile kulikuwa na kitu gani, na vipovu vyangu vikanijia machoni.

Jumanne nzima sikusema. Nilijipa sababu nyingi. Kwamba mimi nani kujua mambo ya kemia. Kwamba ndoo ni ndoo tu. Ukweli ni kwamba nikifungua mdomo nitamuua mtoto wake kwa mkono wangu, na nikifumba, yeye atasimama mbele ya wageni na uongo asioujua, mwenye kuujua nikiwa mimi.

Jumatano asubuhi nilimmiminia chai nikapiga moyo konde.

"Mwanangu, asidi ikitiwa kwenye bati inatoka vipovu. Ni vya nini?"

"Inakula zinki, madini ya kuzuia kutu. Bati la ndoo limepakwa..." Akaweka kikombe chini. "Kwa nini unaniuliza?"

Nikamweleza. Beseni, kikalio, stoo, wiki sita. Nilijaribu kukipamba kile kipande cha kikalio, nikakiona hakipambiki.

"Wiki zipi?" akauliza.

Nikamtajia. Akafumba macho.

"Ndoo iko wapi?"

"Bafuni, ina nguo zangu za kulowekwa."

Aliinuka, akazimwaga nguo sakafuni, akatoka na ndoo hiyo mkononi. Jirani akamsalimia, "Daktari, unakwenda kuteka maji?" Hakuitika. Mimi nyuma namkimbilia na haya magoti.

Mchana alinionyesha. Hakunikalisha, hakuniita jina lolote. Alikuwa ametia asidi kwenye ndoo, akaiacha, akachukua tone la maji yake bila unga wowote, akaliweka kwenye kipimo. Mashine ya mdudu ikakwama kabisa. Maji ya ndoo yangu peke yake yalifanya kazi ya miaka kumi na moja. Ule unga wake ulikuwa unaishika zinki iliyobaki kwenye kioo na kuibeba, basi. Nilitaka kuuliza kama na mimi sasa naweza kuitwa Daktari. Nikaumeza utani wangu.

"Na zinki si dawa?" nikauliza kwa sauti ndogo.

"Inakwamisha kila mashine. Ya mdudu na ya mtu."

Mkuu alipoelezwa aliuliza swali moja: "Nani mwingine anajua?"

"Mama Mkubwa."

"Anastaafu lini?"

Alhamisi binti yangu alisimama mbele ya wageni, akaonyesha unga wa zamani, unga mpya, na kipimo cha tatu alichokiandika *maji ya ndoo*. Nilikuwa nimeshika birika la chai ya wageni. Hakunitaja. Alisema, "Kosa ni langu, sikuuliza vyombo vyangu vinaoshwaje." Mmoja wao akamshukuru kwa uaminifu wake, wote wakapeana mikono, wakaondoka hata chai hawajaimaliza. Makala akaiandikia barua mwenyewe ili ifutwe. Mwezi uliofuata chumba chake kikapewa wengine. Yeye akabakiziwa meza moja, kwenye ukuta wa chumba cha kuoshea.

Anaendelea kutengeneza. Yuko mia nne na kitu. Lakini vyombo vyake haviletwi kwangu tena. Anaviosha mwenyewe, upande wa pili wa sinki langu, na anaosha vibaya, kama wasomi wote, kwa haraka na kwa hasira. Nyumbani tunasalimiana, ananinunulia dawa ya magoti, ananiuliza nimekula. Jina la Mama Mkubwa hulitumia mbele ya wageni tu.

Juzi aliinua chupa kwenye mwanga, nami nikaona kwa pembe ya jicho. Kioo kilichotakata maji hutambaa juu yake kama shuka. Pale yaliganda matone matone.

Nilinyamaza mara ya kwanza. Alipotaka kuianika sikuweza.

"Matone," nikasema.

"Nayaona."

Hakuwa ameyaona. Akairudisha kwenye maji, akasugua tena, ndani, shingoni, mpaka chini. Akaiinua.

"Hii je?" akauliza, bila kunitazama.

Nikafuta mikono, nikasogea, nikaitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Hiyo imetakata."

Akaichukua, akapita nyuma yangu, akaenda kuianika kwenye rafu yake.