Soksi za Udongo wa Shimoni

Fausta alikuwa amekaa jikoni kwake Dindira, akifumua sweta jeupe la mtumba alilonunua soko la Manundu kule Korogwe, wakati miguu ya mumewe ilipofika. Ilikuwa saa ya kuwasha taa. Miguu iliishia kwenye vifundo. Juu yake hapakuwa na kitu. Ilisimama kizingitini ikasubiri itandikiwe gunia, maana Matayo hakuwahi kuingia ndani na matope tangu walipooana. Fausta akatandika gunia. Miguu ikajipangusa, ikaenda kukaa kando ya jiko, mahali pake pa siku zote.

"Leo umechelewa," Fausta alisema, akaendelea kuviringa uzi.

Kutoka Handeni hadi Dindira si mwendo wa mchezo, na sehemu ya mwisho ni kupanda mlima mtupu. Asiye na magoti hupata taabu zaidi. Fausta alilielewa hilo na hakumsumbua kwa maswali.

Matayo alikwenda upande wa Handeni msimu ule chai ilipokosa wanunuzi, akachimbe dhahabu kwenye shimo la bwana mmoja, Nicolaus. Shimo likatitia. Nicolaus akasema kwamba, kwa bahati njema, siku hiyo hakukuwa na mtu chini. Wachimbaji wote walikuwa wametoka kunywa chai. Akaleta katapila, likafukia na kushindilia, watoto wa watu wasije wakatumbukia. Fausta alikwenda hadi pale, akasimama juu ya udongo uliosawazishwa vizuri, akaambiwa huenda mumewe amekimbilia Mererani, au kapata mke mwingine. Wanaume ndivyo walivyo, wakamwambia, na mmoja akamnunulia soda. Akarudi kwake. Hakulia. Alijiona kama mguu uliokaliwa muda mrefu: upo, lakini ukiuchoma sindano hausemi.

Jioni ya siku aliyorudi, miguu ikaja.

"Ni ya Matayo," alisema mama mkwe wake, Bibi Hosiana, akaonyesha kidole gumba kilichowahi kupasuliwa na jembe. "Kidole hiki nilikifunga mimi mwenyewe." Kisha akatoka kwenda kufungia kuku.

Miguu ilikuwa ya baridi, baridi ya chini, na moto wa jiko haukuisaidia. Fausta kazi yake ilikuwa soksi. Nusu ya wachuma chai wa kule juu walivaa soksi zake ndani ya mabuti, alizozifuma kwa sindano za spoku za baiskeli. Kufuma hakukumshinda. Kilichompa shida ni rangi.

Kwao maiti hazikwi na viatu. Huvikwa soksi, nazo ni nyeupe, na mtu akishavikwa nyeupe habari yake imekwisha. Fausta hakutaka habari ya Matayo iishe wakati yeye yuko chini ya udongo, na juu ya udongo uko uongo. Alitaka shimo lifunguliwe, mtu wake atolewe, amzike akiwa na kichwa na mikono yake. Mpaka hapo hatamvika nyeupe. Na sufu yote aliyokuwa nayo ilikuwa nyeupe pe.

Akaanza na maganda ya vitunguu. Aliyachemsha, akatia shabu kidogo ili rangi ishike, akachovya uzi, ukatoka wa dhahabu. Akaona aibu kidogo kumvika mumewe rangi iliyompeleka kule, lakini akafuma. Miguu ikavaa, ikatulia. Kufika alfajiri miguu ilikuwa imekwenda zake kazini, na soksi zimekunjwa kando ya jiko. Zilikuwa nyeupe.

Akajaribu kokwa za parachichi, uzi ukawa wa waridi kama ufizi wa mtoto. Asubuhi, nyeupe. Akabandua magome ya miti ya miwati, akayaloweka mpaka maji yakawa mazito, uzi ukatoka wa kahawia, rangi ya heshima kwa mwanamume. Asubuhi, nyeupe. Binzari haikufika hata asubuhi. Ilipauka miguu ikiwa bado inaota moto. Mwishowe akachemsha majani ya chai, ya shamba ambalo Matayo aliingia mara ya kwanza akiwa amebebwa mgongoni. Alikoroga kwa muda mrefu, akidhani chai haiwezi kumkana mtu wake. Ikamkana kama nyingine.

Soksi zile alikuwa akizianika ndani, juu ya kamba ya jikoni. Lakini ukungu wa Dindira ukaondoka siku moja, jua likatoka, na Fausta bila kufikiri akazianika nje.

Soksi nyeupe za kiume, jozi kwa jozi, kwenye kamba ya nje: kule juu hilo ni tangazo. Kabla ya mchana wanawake walikuwa wamefika na kuni na unga. Vijana wakachimba kaburi karibu na migomba bila kumuuliza mtu. Fundi wa masanduku akaja kuuliza urefu, akaelezwa, akafikiri, akasema kipimo hicho ni cha boksi la viatu lakini si heshima, atatengeneza lenye vishikio.

Alasiri akafika Nicolaus mwenyewe, na pikapu iliyobeba mchele na sukari. Alivua kofia akiwa bado mbali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu Bibi Hosiana, akampa kigoda.

Akakaa na wafiwa, akala, akasifu maharage. Jua lilipozama miguu ikaja. Ilikuta watu wengi, ikasimama kizingitini kama kawaida, na Nicolaus akavuta yake pembeni ili iweze kupita.

"Pole sana, shemeji," alimwambia Fausta. "Tumzike huyu apumzike. Kilichopungua tutaweka mgomba, kama wazee walivyowafanyia waliokufa maji."

"Kilichopungua unajua kilipo."

"Mimi siku ile sikuwa na mtu chini. Walikuwa wanakunywa chai."

"Asiyekuwapo na lake halipo," Bibi Hosiana alisema, akipepeta mchele.

"Mama, mimi ni Mkristo. Miguu haina mdomo, inaweza kutoka popote. Ningeonyeshwa tu kwamba imetoka shimoni kwangu, ningelifungua."

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Yalikuwa maneno ya haki.

Fausta akalitazama gunia la mlangoni. Siku zote hizo alikuwa akilikung'utia matope kwenye migomba, hakuwahi kuyaangalia. Yalikuwa mekundu, na ndani yake mlikuwa na chembe ndogo zilizomeremeta. Udongo wa Dindira haumeremeti. Akayakwangua yote, akayatia sufuriani na maji na shabu, akatumbukiza soksi za siku ile, akaziweka motoni mbele ya watu wote. Zilipotoka akazikausha juu ya jiko na kuivika miguu. Moyo wake ulipiga, na yeye akashangaa kidogo kuusikia, kwa kuwa haukuwa umepiga hivyo kwa muda.

Asubuhi soksi zilikuwa kando ya jiko, zimekunjwa. Zilikuwa nyekundu na zilimeremeta.

Nicolaus, aliyelala kwenye pikapu yake, akaitwa. Akachukua moja, akaisugua kwa vidole, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Akaitazama kwa utulivu, kama mtu anayeangalia kitu cha nyumbani kwake.

"Ni udongo wangu," akasema. "Wa chini kabisa. Mumeo alikuwamo."

Bibi Hosiana akasogeza kuni motoni.

"Basi utafungua," Fausta alisema.

"Nitafunguaje, shemeji? Lingekuwa shimo, ningelifungua. Sasa umenionyesha kwamba ni kaburi. Kaburi halifukuliwi."

Watu wakatikisa vichwa tena. Hayo pia yalikuwa maneno ya haki. Fausta alihisi hasira ikimjia, akaisubiri, nayo ikapita pembeni ikaenda zake. Nicolaus akairudisha soksi, akasema rangi ni nzuri sana, haichuji, na kama atapata nafasi amfumie na yeye jozi moja, maana mabuti yanamchubua. Akaenda na pikapu yake. Mwezi uleule akachimba shimo jipya, hatua chache kutoka la zamani.

Kaburi lililochimbwa halilali wazi, kwa hiyo Bibi Hosiana akalaza humo mgomba na kufukia. Umechipua, umezaa, na ndizi zake zinasemwa ni tamu.

Baadaye alikuja mwanamke kutoka Kabuku, jina lake Faudhia, akiwa na kamba yenye mafundo mawili. Mume wake, Zaidi, naye alikuwa miongoni mwa waliokwenda kunywa chai. Miguu yake ilikuwa ikija kila magharibi na kukaa karibu na jiko la mkaa.

"Sisi maiti hatumviki soksi, dada," alisema. "Nisije nikakosea."

"Nyeupe ndizo za maiti. Hizi ni za baridi."

Faudhia akafikiri, kisha akamkabidhi kamba ile yenye kipimo. Wakakaa wakanywa chai pamoja. Baada yake wakaja wengine, wa Korogwe na wa vijijini, kila mmoja na kamba yake. Walimuuliza kama udongo utatosha. Fausta aliwaonyesha debe lililokuwa kando ya mlango, limejaa matope aliyoyakung'uta kwenye gunia.

Shimo jipya nalo lilititia, mvua za vuli zilipoanza. Nicolaus akasema kwamba, kwa bahati njema, wote walikuwa wametoka kunywa chai.

Jioni iliyofuata miguu ya Matayo ilifika mapema, ikajipangusa, ikaenda mahali pake. Nyuma yake kizingitini ilisimama mingine ambayo Fausta hakuijua, miguu ya kijana, kucha zake zimekatwa vizuri, udongo wake ukiwa bado mbichi. Haikujua ifanye nini. Fausta akaweka sindano chini, akaenda kutafuta gunia la pili.