Upande wa Pili wa Tramu

...na sasa wimbo wa mwisho wa upande wa kwanza wa santuri umeisha, gitaa limejikokota mpaka limenyamaza, sindano imebaki inazunguka kule katikati kusiko na kitu, tsk, tsk, tsk, mlio ule ule wa kila mwaka, na kila mwaka hapa ndipo Quique huinuka upesi, akaunyanyua mkono wa mashine, akasema "haya, upande wa pili ukirudi, ndugu yangu," tukapiga makofi kidogo, kwa aibu, watu wazima na mvi zetu tunalipigia makofi kabati la mbao, kisha Doña Irma akaleta maandazi ya krimu na maisha yakaendelea, lakini leo Quique hainuki, mbona hainuki huyu, amekaa mikono juu ya kitambi ananitazama mimi, inuka bwana, nina mgongo mimi, nimekula ravioli kupita kiasi kwa sababu Doña Irma hakubali sahani irudi jikoni na kitu, na Anselmo yuko nje kwenye gari tangu mchana anasikiliza mpira, mume wangu, miaka yote hii ananileta, ananisubiri, hashuki, "mimi mtu wa Newell's nikanyage nyumba ya mashabiki wa Central? Nitaota upele," ndivyo anavyosema, na sote tunacheka, na sote tunajua si mpira unaomzuia pale nje, tsk, tsk, inuka Quique, itaharibika sindano hiyo... "Zuli," anasema, sauti ya chini, ile ya hospitalini, "mimi naona mwaka huu tuigeuze." Tuigeuze. Anavyolisema utadhani ananiomba nimpitishie chumvi.

Tuigeuze, eti, na nimesikia vizuri, naangalia jalada lililoegemezwa kwenye mashine, tramu tupu katikati ya barabara, milango wazi, hakuna dereva, hakuna abiria, kwa hiyo nchi nzima inaiita Tramu ingawa wenyewe wale vijana wa roki waliipa jina refu la kishairi ambalo hakuna anayelikumbuka, na wiki hii nzima redio haina jingine, Tramu imetimiza miaka arobaini, Tramu imesafishwa sauti, Tramu imetolewa upya ndani ya boksi, vitoto vya juzi vinavaa fulana zake, mjukuu wangu ameniuliza bibi unaijua hii, nikamwambia naijua nusu, akacheka, akafikiri ni mzaha... "Nyumba ndiyo imeshauzwa, Zuli," Quique anaendelea, "Doña anahamia Córdoba kwa binti yake, mwakani hapa patakuwa na watu wengine, watapaka kuta rangi ya kijivu kama wanavyopaka wote siku hizi, kama si leo ni lini? Mashabiki wote wa nchi hii wanaisikiliza nzima, ni sisi tu tunaoisikiliza kipande. Sema wewe. Ukisema hapana, ni hapana." Haya, niseme mimi, siku zote sema wewe, sema wewe, mchumba wa Edgardo, mwana wa Doña Irma, aseme, wahenga wanasema asiyekuwepo na lake halipo, wangekuja nyumba hii wangeona, hapa asiyekuwepo ndiye mwenye kila kitu, mwenye kiti kile kisichokaliwa, mwenye mashine, mwenye santuri, na mwenye mimi pia, picha yangu iko pale juu ya kabati pembeni yake, nywele mpaka kiunoni, shingo hiyo, jamani, nilikuwa na shingo, nina wajukuu wawili na meno ya bandia matatu lakini nikivuka kizingiti hiki nakuwa binti wa miaka kumi na tisa ambaye mchumba wake ametoka kidogo, atarudi, nimechoka, Mungu wangu nimechoka kuwa binti huyo, na bado, ukiniambia tuigeuze, nataka kusema hapana... kwa sababu ilikuwa hapa, sakafuni hapa, vigae hivi hivi vya baridi, amemaliza jeshi la lazima miezi michache tu, nywele ndiyo kwanza zinamfunika masikio, ameinunua asubuhi hiyo akarudi nayo kwa baiskeli ameikumbatia, akanawa mikono mara mbili kabla ya kuigusa kwa sababu karakana ya matairi haitoki kwenye kucha, akaishika kingoni, hivi, kwa viganja, kama anamshika mtoto mchanga, tukasikiliza upande wa kwanza, mimi, yeye na Quique, Quique alikuwa mwembamba, nani ataamini, na wimbo wa mwisho ulipokuwa unakata roho mlango ukagongwa, karatasi ya kumrudisha kambini, vile visiwa, vita na Waingereza, nchi nzima ilikuwa barabarani inapeperusha bendera, hata sisi tulipeperusha, na yeye akaisoma ile karatasi amesimama, akaikunja, akafunika mashine, akasema "upande wa pili nikirudi," akacheka, akatunyooshea kidole, "na msije mkausikiliza bila mimi, nitajua." Nitajua. Akaenda kusini na sweta lililofumwa na mama yake, na hakurudi.

Hakurudi yeye, upande wa pili ndio uliokuja, ulikuja kila mahali, maana nyimbo za Kiingereza zilitolewa redioni kwa sababu ya vita, zikabaki za kwetu, na wimbo wa kwanza wa upande wa pili ndio uliopendwa kuliko zote, kwa muoka mikate, kwa msusi, kwenye basi, nikisikia tu ngoma zile mbili za mwanzo nateremka, si kituo changu nateremka, mara ngapi nimetembea kwa miguu mpaka nyumbani Echesortu na mifuko ya soko mikononi kwa sababu dereva amefungulia redio, watu walidhani nimechanganyikiwa kidogo, na labda ni kweli, lakini alisema nitajua, na mtu aliyelala chini ya jiwe lisilo na jina, eti askari anayejulikana na Mungu peke yake, utamnyima nini tena, utamnyima hata hicho... na siku ya harusi yangu na Anselmo, ukumbini, nimevaa gauni, mpiga muziki akauweka, ngoma mbili, moja, mbili, nikaganda na glasi mkononi, sikuwa nimemwambia Anselmo lolote, nikamwona anavuka ukumbi na suti yake ya kuazima, hakimbii, anasalimia watu njiani, akafika akang'oa waya ukutani, akarudi akaniuliza kama nataka keki, hivyo tu, hajawahi kuniuliza kwa nini, mtu kama huyo ndiye ninayemwacha garini kila mwaka na kibuyu chake cha chai chungu, Doña Irma humpelekea ravioli dirishani zimefunikwa kitambaa, humuuliza Newell's wamefungwa ngapi, anajua ni mume wangu, mwanamke huyu anajua kila kitu, ni sisi ndio tunaojifanya hajui... tsk, tsk, tsk, "basi?" Quique anauliza, na mimi nasema, nasikia sauti yangu inatoka kavu, "aliomba tusiisikilize bila yeye," na Quique anatazama chini, anasema "najua, Zuli, nilikuwepo," na amekata tamaa, naona, nimeshinda, mwaka mwingine nimeshinda, itaenda Córdoba hivyo hivyo, upande mmoja umelika, upande mwingine safi haujaguswa, unamsubiri, na sijui kwa nini kushinda huku kunanielemea mabega hivi.

"Kwani kuna ubishi gani?" Ni Doña Irma, amesimama mlangoni pa jikoni na sinia la maandazi, mdogo, kila mwaka anazidi kuwa mdogo, "igeuzeni tu, mbona mnaikalia kikao? Upande ule ndio ninaopigia pasi." Quique anamtazama, mimi namtazama, sindano inazunguka, "unaupigia nini, Doña?" "Pasi, mwanangu. Nguo. Upande wa kwanza unanitia usingizi, siupigii pasi, nitaunguza shati." Analiweka sinia, anapanga vitambaa vya mikono, na Quique, maskini, Quique aliyetunza kiapo hiki kama padri, mwaka hata mmoja hajaukosa, anasema polepole, "lakini Doña, ule ni wa Edgardo," na yeye hata hageuki, "na Edgardo ni wa nani?" Tsk, tsk, na mimi nauliza, midomo inauliza yenyewe, "tangu lini, Doña?" "Tangu wakati ule. Baridi ile ile ya kwanza, walipokuwa wanasema labda ametekwa, labda yuko hospitali, labda, labda. Si alisema atajua? Mimi nilikuwa jikoni, nilimsikia. Basi nikaiweka, nikaongeza sauti mpaka mwisho, nikasema ajue. Ajue, aje anigombeze." Anajifuta vidole kwenye aproni. "Hakuja. Nikaiweka tena kesho yake. Ndipo nilipojua, mimi sikungoja wale wanajeshi waje mlangoni na kofia zao mkononi. Kuleni, krimu inayeyuka."

Na kitu cha kwanza ni hasira, siwezi kusema uongo, hasira ya moto kabisa, nimeteremka mabasi mimi, nimeacha nywele nusu zimesukwa kwa msusi, nimewatia watoto wangu woga wa redio, nilikuwa nalinda kitu ambacho huyu mama alikuwa anakunjia mashuka, na angeweza kuniambia, siku yoyote angeniambia, tumekaa naye jikoni hapo tukikanda unga miaka na miaka, asiniambie, au aliniona ninavyokaa, mgongo umenyooka, sura ya kanisani, akaona ni yangu mimi hiyo, akaniachia, kama mtu anavyomwachia mtoto kitambaa chake cha kulalia... aliijaribu ahadi, ndiyo tofauti, yeye aliijaribu, mimi niliitunza, yeye alimwita mwanawe kwa njia pekee aliyobaki nayo na hakuitikiwa, akalia, lazima alilia, chumba hiki hiki, sauti mpaka mwisho majirani wanagonga ukuta, na ilipoisha akapiga pasi, na mimi sikumwita, sikuthubutu, maana ukimwita mtu akanyamaza ndiyo basi tena, kwa hiyo sikumwita na yeye hakunyamaza, nikabaki naye hivyo, katikati, hata walipokuja kumchukua Doña Irma damu, hata walipoilinganisha na mifupa ya kule visiwani, hata jiwe lilipoandikwa jina lake kamili na tukaonyeshwa picha, nikasema asante, nikarudi nyumbani, na mwaka uliofuata nikaja hapa nikakaa kwenye kiti hiki kungoja Quique aseme upande wa pili ukirudi, nikapiga makofi, Zulma, ulipiga makofi, mwanamke una akili zako unampigia makofi aje... "Wimbo wa tatu una makelele, ule nauruka," Doña Irma anamwambia Quique, "lakini wa kwanza, ah, wa kwanza," na anaanza kuuimba kwa pua, bila maneno, anapanga maandazi anauimba, ngoma zile mbili anazipiga kwa kucha kwenye ukingo wa sinia, moja, mbili, na miguu yangu inataka kuteremka basi lakini hakuna basi, kuna kiti tu, nakaa, nausikia, mwembamba, unatetemeka, umejaa pumzi za mama mzee, na unapofika pale pa kupanda mimi tayari nimeshapanda, kichwani, kabla yake, naujua, naujua wote, sijawahi hata siku moja kuusikiliza mpaka mwisho na naujua kunakokwenda, uliingia kwa vipande, kwenye milango ya maduka, madirishani nikipita, kipande hiki leo, kile mwakani, ukajishona wenyewe humu ndani mimi nikikimbia, ni mzuri, kumbe ni mzuri, ni wimbo tu mzuri wa vijana, ungeupenda, ungeusikiliza mpaka uchakae, umekufa, Edgardo, ndiyo mara ya kwanza naliweka jina lako na neno hilo pamoja, umekufa zamani, ulikuwa mtoto, na sindano bado inazunguka pale katikati, na Quique bado ananitazama, andazi mkononi, halili, na mimi bado sijainuka kuigeuza, ila sasa kinachonizuia ni magoti tu.