Minyaa Minne Ufukweni

Tangazo lilimfikia Joakimu kwenye simu: fursa ya kiwanja cha biashara, mji wa watalii, hatua sifuri kutoka baharini, panatosha fremu sita za maduka. Joakimu alikuwa amelima viazi na maharage kwenye mteremko wa Tlawi mpaka magoti yakagoma. Alilisoma mara tatu, akaona sasa uzee wake umepata pa kuegemea.

Wala hakuwa mjinga wa kununua kwa picha, hilo tumpe haki yake. Aliuza maksai wake wawili kwa malipo ya mwanzo, akapanda basi, akaenda kukiona mwenyewe. Alikipima kwa hatua pande zote. Alishangaa ardhi tambarare namna ile, haina jiwe hata moja! Kisha akatoa kwenye mfuko vijiti vinne vya mnyaa alivyovikata kwenye ua wa nyumbani, akavichomeka kona kwa kona, kama mpaka unavyowekwa kwao, akapiga picha. Dalali alimsifu sana, akamharakisha stendi kabla ya saa sita.

Malipo yaliyobaki yangetoka kwenye shamba la Tlawi. Modest, mnunuzi, alikuwa tayari, na karatasi ilisubiri sahihi ya mkewe Joakimu tu. Monica alikataa mwezi mzima, maana shamba lile ndilo lililowalea watoto wao saba. Alilainika siku alipoonyeshwa ile picha.

"Kama umeweka mnyaa," alisema, "basi ni kwetu."

Asubuhi ya kusaini, Monica alitangulia ofisi ya kijiji. Joakimu alipitia zahanati kuchukua dawa za presha, na kwa kuwa kijiji kizima kilishaonyeshwa picha, akamwonyesha na nesi Evelyne, mzaliwa wa pwani.

Evelyne aliikuza kwa vidole viwili. Hakutabasamu.

"Mzee, hii miti uliichomeka saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi."

"Na bahari ilikuwa wapi?"

"Kule mbali. Si ndiyo inakaa kule?"

"Hapana, mzee wangu. Maji yalikuwa yamekupwa. Yanatoka, halafu yanarudi, kila siku. Saa kumi jioni, hapa uliposimama yanakufika kifuani. Hiki si kiwanja. Hii ni bahari."

Dawa hakuchukua. Alipanda kilima na magoti yale yale, na aibu ilimuuma kuliko magoti. Njiani alitunga uongo wa kila aina: bei imepanda, dalali amefariki, serikali imezuia.

Alipoingia ofisini, Monica alikuwa ameshika kalamu, Modest na mwenyekiti wamekaa mbele yake.

"Baba Hilary, niweke? Minyaa yetu imeshika?"

Uongo wote ulimkaukia mdomoni.

"Usiweke, mama Hilary. Nimepanda mnyaa ndani ya bahari."

Modest alianza kucheka, mwenyekiti akafuata, wakacheka mpaka wakafuta machozi. Joakimu alijua kicheko kile kitamfuata kila penye pombe mpaka azikwe. Monica hakucheka. Aliweka kalamu mezani, akajifunga khanga vizuri, akainuka.

"Twende nyumbani. Mvua imekaribia na shamba halijalimwa."

"Tutalima na nini?" Joakimu aliuliza kwa sauti ndogo. "Maksai niliuza."

"Majembe ya mkono yapo mawili," alisema Monica, akatoka bila kumtazama.