Mvua ya Kwenye Kioo

Shamba la dada yake lilikuwa jekundu tena. Mkadiriaji wa mavuno aliinamia kioo cha kompyuta, akakifuta kwa mkono wa shati kana kwamba kosa ni la vumbi, lakini kile kipande kidogo pembeni mwa bonde kilibaki vilevile. Kazi yake ilikuwa kuilisha kompyuta habari za udongo, mbegu na mvua, nayo imwambie kila shamba litazaa nini. Bonde zima lilikuwa jekundu, na wenye mashamba walishaambiwa mapema: kateni mahindi yangali mabichi, mkaushe malisho ya ng'ombe, maana nafaka msiitarajie. Walimtania kwa jina la Mganga, lakini walikata.

Dada yake peke yake hakukata, na aliyemzuia ni mdogo wake huyuhuyu.

Siku ya kumpelekea majibu, ulimi ulikuwa mzito. Dada ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na hakuwa na kingine ila shamba lile na ng'ombe mmoja wa maziwa. Basi akafanya jambo ambalo watu wa kazi yake huonywa tangu mwanzo wasilifanye. Aliirudia hesabu, akaongeza mvua kidogo, akaongeza tena, mpaka kipande kile kikageuka kijani. Mvua hiyo haikutoka kwenye wingu lolote. Ilitoka kwenye vidole vyake. Kisha akapiga simu.

"Usikate kwanza, dada. Lako lina nafuu."

Aliyaamini maneno yake mwenyewe. Alilala usingizi mzuri siku ile, na sasa jambo hilo ndilo lililomtia aibu kuliko yote.

Alipofika shambani hakuhitaji kompyuta. Majani yalikuwa yamejisokota kama tumbaku. Alimenya hindi moja, akakuta gunzi tupu. Dada alikuwa ameketi ukingoni, panga mapajani.

"Karibu, Mganga. Mashine yako inasemaje leo?"

"Nilikudanganya, dada. Ilisema ukate, tangu siku ile. Mvua niliiongeza mimi."

Alingoja atukanwe. Alitamani sana atukanwe.

"Nilijua," dada alisema. "Uliponipigia uliongea kwa sauti ya baba. Ile aliyotuambia nayo kwamba mama anaendelea vizuri, kesho atarudi."

"Sasa mbona hukukata?"

 Dada hakuonekana mwenye hasira, alionekana amechoka tu.

"Siku ile ya baba pia nilijua," alisema. "Na bado nilimtandikia mama kitanda."

Akainuka, akamkabidhi panga. Mkadiriaji alikata, dada akakusanya. Mabua yalikuwa makavu kiasi cha kuvunjika kabla panga halijapita. Walifunga mzigo mmoja, wakaubeba hadi zizini, wakaumwaga mbele ya ng'ombe ambaye mbavu zake zilikwisha kuanza kuhesabika. Ng'ombe alinusa, akapuliza vumbi puani, akageuza shingo.



Dada alichuchumaa, akachambua bua moja lililobaki na ubichi kidogo, akamsogezea mdomoni.

"Kula, mama," alimbembeleza. "Kesho kutakuwa na jingine."