Mkopo Alioukataa Verlyn

Kaka yangu Verlyn aliukataa mkopo wa serikali kwa adabu, na adabu hiyo nusura ituache sote barabarani.

Hapa Elmdahl, Minnesota, tumelelewa hivyo. Ukikaribishwa kahawa unasema hapana, usijisumbue. Mwenyeji akikukaribisha tena unasema umetoka kunywa sasa hivi. Akikukaribisha mara ya tatu unasema basi, kidogo tu, halafu unamaliza birika. Anayekubali mara ya kwanza huwa tunamsema mpaka siku ya mazishi yake. Mimi nina miaka sitini na sita na sikuwahi kuona ubaya wa jambo hili mpaka ilipokuja Korona.

Biashara yetu ni udobi. Verlyn ndiye mwenye nayo, mimi nasimamia mashine kubwa ya pasi, na wapo wenzetu wachache tuliozeeka nao. Tunafua vitambaa vya meza na mashuka ya hoteli za ziwani. Mwezi Machi gavana alipofunga mikahawa, nguo chafu zilikoma kuja, na mashine zikanyamaza. Verlyn alipiga hesabu akatuambia anaweza kulipa mishahara na bima ya afya hadi mwisho wa Aprili. Baada ya hapo, kila mtu ashike njia yake.

Sisi wengine tungejibana. Aliyetuumiza roho ni Duane Bratvold, dereva wa gari letu. Mkewe, Carol, alikuwa katikati ya matibabu ya saratani, na matibabu yale yalilipwa na bima ya kazini kwetu. Kazi ya Duane ikifa, bima inakufa nayo. Hilo tulilijua sote na hakuna aliyelitamka, maana kulitamka nako ni kukosa adabu.

Ndipo Danielle Capuano akapiga simu. Danielle ni binti wa benki, amekuja kwetu mwaka juzi tu kutoka New Jersey, anaongea haraka kama anafukuzwa. Verlyn alikuwa anafuta mafuta mikononi, akaweka simu mezani na spika imewashwa, nikasikia kila kitu.

"Bwana Tostrud, serikali inatoa mikopo kwa waajiri wadogo. Ukiitumia kulipa mishahara, unasamehewa, hulipi. Nikuandikishe?"

"Aah, usijisumbue, mama," Verlyn akasema. "Wapo wenye shida kuliko sisi."

"Una uhakika?"

"Sisi tupo tu, tunasukuma siku."

"Haya, nimekuelewa. Siku njema."

Simu ikakatika. Verlyn akaichukua akaitazama, halafu akaendelea kufuta mikono, uso umemkunjuka kabisa.

"Umekataa," nikamwambia.

"Nimekataa mara moja tu, dada. Atapiga tena."

"Huyu ni mtu wa New Jersey, Verlyn."

"Hata New Jersey wana mama zao waliowalea."

Hakupiga. Wiki ikapita, Verlyn akaanza kupata safari za ajabu za kwenda benki. Leo anabadilisha sarafu, kesho anaulizia kalamu. Ukumbi wa benki ulikuwa umefungwa kwa sababu ya maradhi, kwa hiyo ulihudumiwa dirishani, ukiwa ndani ya gari. Siku moja nilikuwa naye. Danielle akainama nyuma ya kioo na barakoa yake, akasema, "Bwana Tostrud, vipi, ulifikiria ule mkopo?"

Nilimkanyaga Verlyn mguu. Alijikaza kisabuni.

"Sipendi kuwasumbua," akasema. "Mna kazi nyingi."

"Ni kweli, tumezidiwa. Basi naheshimu uamuzi wako." Akasukuma nje kisahani cha pesa, sarafu zikatoka.

Njiani kurudi alikuwa mchangamfu, anapiga mluzi. "Imebaki moja," akaniambia. Nilitamani kumpiga na mkoba wangu.

Kesho yake redio ikatangaza kwamba pesa za mkopo zimekwisha. Nchi nzima imezigombania, hakuna iliyobaki. Verlyn alikuwa juu ya ngazi anabadilisha taa. Akashuka polepole, akakaa kwenye kikapu cha nguo mpaka saa ya kufunga. Nilikuwa nimeandaa maneno makali ya kumpa, lakini nilipomwona vile nikayaacha. Nilimhurumia, na nilikuwa na hasira naye, vyote kwa pamoja.

Hatukuwa tumepoa Duane alipoingia. Theluji ya Aprili ilikuwa imemjaa mabegani. Akatoa funguo za gari mfukoni, akaziweka juu ya meza ya kukunjia.

"Nimeona nizirudishe mapema," akasema, "usije ukahangaika kunitafuta mwisho wa mwezi."

"Na Carol?" Verlyn akauliza.

"Carol yupo. Ingeweza kuwa mbaya zaidi."

"Matibabu je, Duane?"

Duane akatazama dirishani. "Usijisumbue, Verlyn. Wapo wenye shida kuliko sisi."

Akaaga, akatoka. Verlyn alibaki amesimama pale, macho kwenye zile funguo, na uso wake ukawa mwekundu kuanzia shingoni. Alikuwa amesikia maneno yake mwenyewe kutoka kwenye kinywa cha mtu ambaye mkewe anaweza kufa.

"Anadanganya," akasema.

"Anadanganya kama wewe," nikamjibu. "Mnakufa na tai shingoni, nyote wawili."

Nilidhani atakasirika. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama nina namba ya nyumbani ya Danielle. Sikuwa nayo. Na hata ningekuwa nayo, pesa zenyewe hazikuwepo.

Siku zile nilisikiliza redio kuliko nilivyowahi kusali. Mwishowe Washington wakakubaliana, wakaongeza fungu jingine, na maombi yangefunguliwa tena Jumatatu. Ijumaa ya kabla yake nikawasha gari nikaenda benki peke yangu. Nilisimama kwenye dirisha lile nikamwambia Danielle kila kitu: kahawa, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikamwambia habari za Carol. Gari la nyuma likaanza kupiga honi, jambo ambalo kwetu halifanyiki, na nikajua hata watu wetu sasa maji yamewafika shingoni.

Danielle aliweka mkono kwenye paji la uso.

"Ardis, mimi nilimweka kwenye orodha ya wasiotaka. Nilidhani ana msimamo wake wa siasa."

"Siasa gani? Huyo hata chumvi mezani haombi."

"Watu wananililia kwenye simu mchana kutwa. Sasa unataka nimbembeleze huyu mmoja ambaye amenikatalia mara mbili?"

"Ndiyo. Mara moja tu tena. Njoo mwenyewe, ukimpigia simu atapata pa kujificha."

Alicheka, halafu akajifuta macho. Akasema atakuja Jumapili mchana, siku yake ya kupumzika, ambayo ameshasahau ladha yake.

Sikumwambia Verlyn. Jumapili nilimdanganya kwamba mashine ya pasi inavuja mvuke, tukawa wawili pale kazini, yeye chini ya mashine anatafuta tundu lisilokuwepo. Gari dogo la buluu likasimama nje. Verlyn akachungulia, akamwona Danielle akishuka na bahasha kubwa kifuani. Nilisogea karibu na mlango, tayari kumkanyaga mguu tena.

Sikupata nafasi. Alitoka nje mbio, bila koti wala kofia, akiwa na spana mkononi, akasimama mbali kidogo na yule binti kama tulivyoagizwa. Danielle akafungua mdomo kuanza hotuba yake.

"Nautaka," Verlyn akasema. "Ule mkopo. Ninauhitaji, nimekwama. Kama bado upo, tafadhali."

Danielle akanitazama mimi. Mimi nikamtazama kaka yangu. Nilikuwa sijawahi kumsikia mtu wa ukoo wetu akitamka neno ninauhitaji, na alipolitamka sauti ilimkatika katikati. Niliingia ndani nikalia kwenye rundo la taulo.

Walijaza karatasi juu ya boneti ya gari, upepo unazipeperusha. Jumatatu Danielle alikesha kwenye kompyuta, maana mitambo ilielemewa na watu. Alhamisi, siku ya mwisho ya Aprili, akapiga simu: mkopo umepitishwa, na pesa zitaingia wiki inayofuata. Verlyn hakungoja ziingie. Alilipa bima ya Mei ya watu wote kwa akiba ya mwisho, akachukua zile funguo, tukaenda kwa Duane.

Duane alitufungulia akabaki kizingitini. Verlyn akamnyooshea funguo.

"Mkopo umepatikana. Unarudi Jumatatu."

"Aah, Verlyn," Duane akasema, mikono mfukoni. "Hakuna hata nguo za kubeba. Mpe mwingine, sisi tuta..."

"Sikuulizi."

"Nisingependa kuwa mzigo..."

"Sikuulizi, Duane. Utapaka rangi ukuta wa nyuma. Utazungusha gari tupu mjini ukipenda. Bima imeshalipwa."

Dirisha la pembeni lilikuwa wazi, na Carol alikuwa amekaa pale, kitambaa kichwani, amekonda sana. Alikuwa amesikia yote.

"Duane," akasema, "zichukue hizo funguo kabla sijaja kuzichukua mwenyewe."

Duane akatoa mikono mfukoni, akazichukua. Akageuka, akaegemea mlango, mabega yakaanza kumtikisika. Verlyn akainua uso akaanza kukagua mawingu. Wanaume wetu bwana. Mimi nikasogea dirishani.

"Ardis," Carol akaniuliza kwa sauti ya chini, "kwa hiyo ile dawa ya Jumanne hospitali ipo?"

"Ipo."

"Na zinazofuata?"

"Zote."

Akafumba macho, akakiegemeza kichwa kwenye fremu ya dirisha. "Nilikuwa naogopa sana," akasema. "Sikumwambia mtu."