Aliyesajiliwa Upande Mmoja

Saa nne asubuhi, Jumanne, Wendell Prather alitoka Baraza la Wawakilishi kwenda Seneti. Jengo la bunge la jimbo ni moja na korido ni moja, ila zulia la kijani huishia katikati na jekundu huanza. Alipokanyaga jekundu, viatu vyake vilitoweka, kisha magoti, tai na kofia. Walinzi wakampisha, maana harufu ya pipi zake za mnanaa waliijua.

Prather alilipwa na kiwanda cha rangi awashawishi wabunge. Sheria inamtaka mtu wa kazi hiyo ajisajili kwenye kompyuta, wananchi wajue anamsemea nani. Yeye alijisajili kwa Baraza tu. Seneti ina mfumo wake na fomu zake, na mifumo hiyo miwili haijawahi kusalimiana. Kwa hiyo upande wa Seneti hakuonekana.

Lorna Vukovich, karani wa usajili wa Seneti, alilijua hilo mwaka wa sita sasa. Earl, karani mwenzake wa Baraza, alikula naye mchana kila siku.

"Nikuchapie fomu yake?" Earl alimwuliza siku moja, mdomo umejaa sandwichi. "Ukurasa mmoja tu, Lorna. Hauumi."

"Hatupokei vitu vya kwenu. Bosi atanitoa roho."

"Haya, kaeni na mzimu wenu."

Wakacheka.

Jumanne hiyo kamati ya Seneti ilisikiliza muswada wa kupima maji ya visima karibu na viwanda. Shahidi alikuwa Dale, mdogo wake Lorna, akiwa na chupa ya maji ya kahawia kutoka jikoni kwake. Alipokuwa akieleza vipele vya bintiye, mwenyekiti alikuwa ameitegea hewa sikio, akiitikia kwa kichwa.

"Dada, yule anaongea na nani?" Dale alinong'ona alipomaliza.

Lorna alitafuta kwenye kompyuta, ingawa alijua. "Kwetu hakuna jina."

"Sijakuuliza jina."

Muswada ukaanguka kwa kura moja. Dale akaondoka bila kuaga. Lorna aliona aibu hadi masikio yakamwaka. Kwa Earl ni hatua ishirini tu, na kwa miaka sita hakuzitembea kuifuata ile fomu. Alisimama ameshika mlango watu watoke. Wa mwisho hakuonekana.

"Asante, Lorna," sauti ilisema karibu na bega lake. "Msalimie mdogo wako."

"Zitafika," alijibu.