Breki ya Mwalimu

Gari lile lilikuwa na pedali mbili za breki, na iliyolika zaidi ilikuwa ya upande wa abiria. Mpira wake ulikuwa umelainika hadi ukang'aa, ilhali ile ya dereva bado ilikuwa na meno yake kama iliyotoka dukani juzi. Hapo ndipo Mwalimu alipofanyia kazi maisha yake yote: kwenye kiti kisicho na usukani, mkono mmoja juu ya goti, mguu mmoja tayari, akifundisha watu udereva. Nusu ya madereva wa mji walipita mikononi mwake, au tuseme miguuni mwake, na hata leo wapo watu wazima wenye vitambi ambao wakimwona njiani hurekebisha vioo vyao haraka haraka.

Sifa yake kubwa haikuwa ukali, ingawa ukali alikuwa nao wa kugawa na kubakiza. Ilikuwa peremende. Mwanafunzi alipoiva, Mwalimu hakumwambia kitu. Asubuhi moja angefungua mlango wa nyuma badala ya wa mbele, ajiegemeze, atoe peremende mfukoni, aifungue karatasi yake taratibu huku amefumba macho. Krr, krr. Aliyeusikia mlio ule kisogoni mwake alijua amefuzu. Mtihani wa serikali ulikuwa wa kukamilisha ratiba tu.

Binti yake ndiye mwanafunzi aliyeusubiri mlio huo kuliko wote. Siku hizi ana gereji yake mwenyewe, na mtaa mzima, pamoja na mama aliyemzaa, humwita Fundi. Lakini wakati ule wenzake walioanza baada yake walikuwa tayari wanaendesha malori, yeye bado baba yuko kiti cha mbele, mguu tayari. Hilo hakulisahau, hata kama alilisimulia kama kichekesho.

Sasa Mwalimu alikuwa amestaafu, gari la shule limebaki la nyumbani, na bega lake la kulia lilikuwa limegoma. Kwenye barabara iliyonyooka hakuwa na shida. Shida ilikuwa pale usukani unapotaka kuzungushwa na kuzungushwa tena, mkono ukiruka juu ya mkono. Bega lilifika nusu ya safari likakataa katakata. Ndivyo alivyoikwaruza nguzo ya geti lake mwenyewe, mchana kweupe, mkewe akiwa amesimama pale pale akimwelekeza.

Kaka mkubwa wa Fundi alikuja kuiona nguzo. Anafanya kazi ya bima, na ni mtu anayeona ajali hata ndani ya kikombe cha chai.

"Baba, umeendesha vya kutosha," alisema. "Jumapili nitakuja kuchukua ufunguo. Mkitaka kwenda popote, nipigieni simu tu, nitawapeleka."

"Popote?" Mama aliuliza.

"Popote, Mama."

"Na kama hatujui tunakokwenda?"

Kaka hakuelewa swali, lakini Fundi alilielewa. Wazazi wao walikuwa na mtindo wao wa kutoka jioni, wawili peke yao, bila safari yoyote. Mama aliuita kulitembeza gari. Walikata kona yoyote iliyowapendeza, wakabishana kuhusu nyumba za watu na rangi zilizopakwa, wakarudi na njaa. Safari ya namna hiyo huwezi kumpigia mtu simu akupeleke.

Mwalimu alikuwa anautazama ufunguo mkononi. Mzee aliyewahi kumfokea hakimu kwa kusahau taa ya pembeni alikuwa amenyamaza mbele ya mwanawe.

"Kaka, nipe hadi Jumapili," Fundi alisema. "Kabla hujachukua chochote."

Alijua anachokitaka. Gari kama lile lilikuwa pia na toleo la wapenda mwendo, na tofauti moja kati ya matoleo hayo ilikuwa raki ya usukani, kile chuma cha chini kinachopokea mzunguko wa mkono na kuusukumia kwenye magurudumu. Raki ya wapenda mwendo ina meno ya haraka: mkono ukizunguka kidogo, magurudumu yanageuka sana. Waliitengeneza kwa ajili ya vijana wanaotaka kukata kona kwa madaha. Hakuna aliyewaambia kwamba itamfaa mzee mwenye bega bovu. Fundi aliipata kwenye yadi ya magari mabovu, katika gari lililokuwa limepondeka nyuma na mbele likabaki zima. Akaifunga, akapima na kunyoosha magurudumu, akamwita baba yake uani.

Mwalimu alikaa, akageuza usukani kuelekea getini, akaandaa uso kwa ajili ya maumivu. Gari likageuka lote kabla bega halijapata la kusema.

"Kwisha?" aliuliza.

"Kwisha, Baba."

Alirudi nyuma akaingia tena. Akatoka, akaingia mara nyingine, na safari hii aliipita ile nguzo kwa karibu makusudi, kama anayemringia adui wa zamani. Mama alipiga makofi, akakimbilia ndani kuchukua mkoba wake.

Barabarani Mwalimu alikuwa kijana. Alipiga mluzi. Fundi alikaa kiti cha mbele, kile cha kazi, na bila kujijua mguu wake ukapata mahali pake juu ya ile pedali iliyolika. Walipofika kona ya tangi la maji, Mwalimu aliuvuta usukani kwa mkono laini, gari likaingia konani vizuri kabisa, halafu ghafla likashikwa na breki. Mkoba wa Mama uliruka hadi mbele. Mluzi ulikatika.

"Umekanyaga," Mwalimu alisema.

"Sijakanyaga, Baba."

"Nimewakanyagia watu maisha yangu yote. Breki ya mtu mwingine naijua."

"Haki ya Mungu, sijagusa."

"Na mguu wako uko wapi?"

Wote wawili walitazama chini. Mguu ulikuwa pale pale, umeinama juu ya pedali kama paka anayevizia.

"Mama, mwambie!"

"Mimi niko huku nyuma natafuta miwani yangu," Mama alisema. "Msinitie kwenye kesi yenu."

Walirudi nyumbani mwendo wa konokono. Kilichomkera Fundi si kusingiziwa. Ni kwamba kadiri alivyofikiri, ndivyo alivyozidi kukosa hakika. Mguu ulikuwa wake, na hakuutuma pale. Sasa angeapaje kwamba haukufanya na hilo lingine?

Jioni, wakikausha vyombo, Mama alimuuliza kama anajua kwa nini yeye alichelewa kusikia peremende.

"Nilikuwa mzito wa kujifunza."

"Uzito gani? Ulikuwa umeiva zamani. Kila asubuhi baba yako aliondoka na peremende mfukoni, na kila jioni alirudi nayo. Nikifua shati naikuta imeyeyuka. Nikamuuliza, kulikoni? Akasema, naogopa." Mama aliipangusa sahani iliyokuwa tayari imekauka. "Basi. Mwalimu mzima."

Fundi alicheka, lakini cheko lilimwishia njiani. Miaka yote hiyo aliamini kwamba baba hakumwamini, na alijenga gereji nzima ili amwoneshe.

Kesho yake alichukua spana, akalala kifudifudi sakafuni mwa gari na kuing'oa pedali ya abiria, baba yake akiwa amesimama mlangoni anatazama. Ilitoka na vumbi la wanafunzi wote wale. Mwalimu aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza geuza. Kisha wakaondoka hadi kona ya tangi la maji. Fundi alikuwa amekunja miguu juu ya kiti kama yuko mkekani.

Gari likashikwa tena. Safari hii Fundi hakuwa anautazama mguu wake, kwa hiyo aliiona taa ya njano ikimwekamweka kwenye dashibodi, ile yenye picha ya gari linaloteleza.

"Si wewe!" Mwalimu alipaza sauti.

"Si mimi!"

"Si wewe, mwanangu!"

Walishikana mikono pale pale kando ya barabara na kucheka hadi machozi, wakiwa ndani ya gari linalojifungia breki lenyewe, wakifurahi kama watu waliopewa habari njema. Walipotulia ndipo walipogundua kwamba shida yenyewe bado iko pale pale.

Taa ilimwambia Fundi mkosaji ni nani: mfumo unaolinda gari lisiteleze, ule unaoweza kushika gurudumu moja peke yake pale unapodhani dereva amezidiwa. Ila hakujua kwa nini unadhani hivyo. Tangu aifunge raki alikuwa amelipima gari kwa mashine yake mara mbili na mashine ilisema hakuna kosa popote.

"Kuna kitufe cha kuuzima," Mwalimu alisema. "Uzime, tuendelee na maisha."

"Na siku ya mvua, Mama akiwa humo ndani?"

Hilo lilikuwa jibu ambalo Mwalimu mwenyewe angelitoa. Akakuna kidevu. "Ajabu ni kwamba linafanya kama mimi," alisema. "Linanifanyia kile nilichokuwa nawafanyia watoto wa watu."

"Kivipi?"

"Wewe unadhani nilikuwa naangalia barabara? Nilikuwa naangalia mikono. Mikono inakwambia mtu anataka kwenda wapi. Ikisema kidogo, na gari likaenda sana, basi gari limemponyoka. Hapo humsubiri, unakanyaga."

Fundi alishusha miguu chini. "Baba, rudia."

"Mikono ikisema kidogo, gari likaenda sana..."

"Ndiyo hiyo!" Fundi aliruka, akajigonga kichwa darini. "Ndiyo hiyo, Baba! Mikono yako sasa inasema kidogo!"

Kompyuta ya breki ilikuwa na jicho lake kwenye usukani na lingine kwenye mwili wa gari. Tangu kiwandani ilifundishwa kwamba mkono ukizunguka kiasi fulani, gari litageuka kiasi fulani. Fundi aliibadilisha raki, lakini kompyuta hakuna aliyeiambia. Ikawa kila kona inamwona mzee akigusa usukani kidogo na gari likigeuka mno, ikaamini amezidiwa, ikamwokoa kutoka kwenye hatari isiyokuwepo. Mashine ilisema kweli kwamba hakuna kosa. Kila kifaa kilikuwa kizima, ila havikuwa vimetambulishana.

Pale gereji alichimba ndani ya kompyuta ile kwa mashine yake hadi akapata alichokitarajia: kwa kuwa watengenezaji waliuza matoleo yote mawili, waliacha mahali pa kuchagua aina ya raki. Akachagua ya haraka. Akaufundisha usukani upya mahali palipo katikati. Kisha akatoka peke yake kwenda kona ya tangi la maji, akaikata polepole, akaikata kwa kasi, na gari likapita bila kinyongo. Hakuridhika. Alilipeleka kwenye kiwanja cha changarawe akalikosea kusudi, akalirusha ubavu, na mfumo ukamkamata barabara, kama inavyotakiwa. Hapo ndipo alipopumua.

"Pedali utairudisha?" Mwalimu alimuuliza alipolileta gari.

"Tundu nimeshaliziba, Baba."

Jumapili Kaka alifika kabla chai haijaiva. "Shikamoo, Baba," alisema, na mkono wake wa kusalimia ulikaa kama mkono wa kupokea ufunguo.

"Marahaba. Ingia garini."

"Baba, tulikubaliana..."

"Ingia garini, mwanangu. Mkiniona sifai, ufunguo ni wako."

Mwalimu alikaa kwenye usukani, akarekebisha vioo ambavyo havikuhitaji kurekebishwa. Mama alikuwa ameshaketi nyuma, mkoba mapajani. Kaka aliushika mlango wa nyuma kwa adabu, akimwachia dada yake kiti cha mbele, kwa kuwa gari amelitengeneza yeye na kama kuna lolote yeye ndiye atakayejua la kufanya.

Mwili wa Fundi ulikitaka kiti kile. Alijua gari ni zima. Alilipima, alilijaribu, angeuweka rehani mkono wake kwa ajili yake. Hata hivyo aliogopa. Anayeendesha alikuwa baba yake na si mtu mwingine, mwenye bega moja na nusu.

"Kaa wewe mbele, Kaka," alisema, na kuingia nyuma kando ya mama yake.

Waliipita nguzo. Waliingia barabara kuu. Tangi la maji lilipojitokeza mbele, Kaka alikakamaa, na mguu wake ukapiga zulia kwa kishindo, halafu ukalipiga tena.

"Kanyaga tu, mwanangu, hapo hapana kitu," Mwalimu alisema. Lakini sauti haikuwa na mzaha alioutaka, na kwenye kioo cha ndani macho yake yalikuwa yanamtafuta binti yake.

Fundi alijiegemeza. Aliingiza mkono mfukoni mwa ovaroli lake, akafumba macho, na gari lilipoanza kuinama kuelekea konani, akaanza kuifungua karatasi taratibu.

Krr, krr.

Mbele, mluzi ulianza.